Kamera ya Lastiki

Amu, baada ya magharibi

Twaiba mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako Langoni, nami namjua shangazi yako, hatakuachia mpaka ule mara mbili na mlie mara tatu. Basi nafasi ninayo. Sikuandikii habari za sweta, wala kuswali kwa wakati, wala jinsi ya kuupakata mkoba ndani ya basi. Hayo nimeyasema mpaka sasa unayamalizia wewe kabla sijafika mwisho, tena unaniigiza na sauti. Nakusikia, usidhani sisikii.

Nakuandikia habari ya boksi.

Liko hapa, limegusa goti langu. Limekuja leo alasiri kwa boti ya Mokowe, limefungwa utepe wa gundi pande zote, na ndani yake mna kamera mpya. Niliiagiza kwenye duka moja la Mombasa siku ile jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo. Hujui habari zake. Nililipokea ulipokuwa chooni unaoga, nikalisukuma chini ya kitanda kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mwenye duka amesema gundi ikibaki nzima atalipokea tena, na ikichanwa, basi ni letu. Kisu cha jikoni kipo mezani, karatasi hii ipo mezani, nami nataka kumaliza kuandika kabla mkono haujakwenda kwenye kisu.

Unanijua, mimi ni mgonjwa wa kununua. Umeishi na ugonjwa wangu, umeuruka ukiwa umetapakaa sakafuni, umeuhamisha kitandani upate kulala. Ila hujui ulianza vipi, kwa sababu nilikuwa naona haya kukwambia.

Ile kamera ya zamani niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nilianza nayo kwa picha za kitambulisho, shuka nyeupe ukutani, mtu mbele yake, "usicheke, bwana, serikali haitaki meno." Ina lenzi moja, isiyovuta mbali wala karibu. Ukitaka uso uwe mkubwa, unyanyue miguu ukaufuate. Mlango wa betri ulipovunjika niliufunga kwa lastiki, na lastiki ile imebadilishwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa kamera hiyo ndipo nilipoingia harusi za wanawake. Wewe umezaliwa humo, unaona ni jambo la kawaida tu, lakini huko uendako watakushangaa ukiwaeleza: kwamba simu zote zinaachwa kikapuni mlangoni, kwamba ndani hakuna mwanamume, watu wamevua mabuibui, vichwa wazi, vikuba vya asumini kwenye nywele, na uzuri wote ule ni wa macho yaliyomo humo ndani peke yake. Na kwamba mpiga picha, kazi ikiisha, anaitoa kadi kwenye kamera mbele ya mama wa bibi harusi na kumtia mkononi, naye anaifunga kwenye pindo la leso yake. Hakibaki kitu kwangu. Watu walikuwa wakiniita kazini kwa ajili ya kile kitendo kimoja, Twaiba, kutoa kadi. Picha zenyewe zilikuwa nzuri, ndiyo, lakini waliniita kwa ajili ya kadi.

Kisha akaja mpiga picha kutoka bara, akafungua studio karibu na gati, taa za miavuli, picha za familia zinang'ara mpaka unajiona ndani yake. Hakunifanyia ubaya wowote, masikini. Alikuwa akinisalimu kwa heshima kila asubuhi. Lakini nikasikia wanawake wawili wakisema, "Za yule ndizo picha," na ndani yangu kikaingia kitu kibaridi. Niliogopa. Nilikuwa nimeachwa, nina mtoto, nina kamera iliyofungwa lastiki. Nikajiambia tofauti yake na mimi ni vyombo.

Nikaanza kununua.

Astaghfirullah, nikikumbuka nacheka peke yangu. Lenzi ya kuvuta mbali, na kazi yangu ni kupiga watu walioketi hatua tatu kutoka puani mwangu! Taa mbili, wakati nusu ya nyumba ninazokwenda hazina pa kuichomeka hata moja. Mkoba wa magurudumu, hapa Amu! Uliuona mwenyewe ukigonga ngazi za vichochoro, magurudumu yamejaa mavi ya punda, nami nauvuta nimenyoosha shingo, najiona mtu wa kisasa. Ukanifuata nyuma na kijiti unakwangua.

Kila kitu kilipokuja, hofu yangu ilikuwa inalala siku tatu. Siku ya nne inaamka, na inataka kula. Nilikuwa nikila kiapo, "Wallahi hii ndiyo ya mwisho," na wewe ukiinua macho kutoka kwenye daftari lako ukiniangalia tu. Na vyombo vyenyewe, vikikaa kabatini, unyevu wa bahari ukavila, lenzi zikaota kuvu. Ile ya zamani haikuota, kwa sababu wewe hukuiacha ikae.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano ulipoichukua. Nilidhani unachezea. Ukawa unatoka nayo asubuhi kabla ya shule unarudi na picha tatu, nne, si zaidi. Paka amelala juu ya mizani ya muuza samaki, na muuza samaki anangoja aamke. Mikono ya nyanya yako ikipanga vikuba. Nilizitazama usiku mmoja wewe umelala, na nikaona wivu. Ndiyo, mama anaweza kumuonea mwanawe wivu, na leo nakwambia kwa sababu sitaki uende na mama wa uongo. Nilijiuliza, huyu kaona wapi hivi, kwa lile chuma? Na badala ya kujifunza, nikaenda kununua kamera kubwa kuliko zote, ile nyeusi tuliyoipa jina la Jeuri.

Sasa tuje kwenye ile harusi ya Siyu. Hatujaizungumza sawasawa tangu siku ile, miaka miwili.

Unakumbuka tulivyongoja maji yajae ndipo boti ipite, na pale Mtangawanda nikakodi bodaboda mbili, moja yetu sisi, moja ya mikoba yangu peke yake. Wewe ulikuwa na kikapu chako. Nikakuuliza, "Mna nini humo?" Ukasema, "Leso, mama." Nilikuwa nimekukataza usiichukue kamera ya lastiki. Nilikwambia, nakumbuka maneno yangu, "Liwache, utaniaibisha."

Siku ya hina nikafanya kazi na Jeuri. Simu yangu niliitia kikapuni mlangoni kama wenzangu, najiona mtiifu. Bi mmoja mtu mzima ndiye aliyekuwa akikilinda kile kikapu, na mara mbili alikuja kuniita kwa jina, "Shue, simu yako haitulii, yawaka tu." Nikamjibu, "Iwache iite, niko kazini." Sikujua kwamba ile kamera, ikiwa karibu na simu, inairushia kila picha yenyewe, bila kuambiwa. Simu nayo ilikuwa ikizipandisha mtandaoni, kwenye akaunti yangu ya kuhifadhia picha. Na akaunti ile alinifungulia mjombako Athmani, ikabaki wazi kwenye simu yake. Kwa hivyo mjombako alikuwa ameketi barazani hapa Amu na wanaume wenzake baada ya alasiri, simu mkononi, mara anaona wanawake wa Siyu vichwa wazi wanaingia mmoja mmoja. Akaona wa pili, wa tatu akaifunika simu juu ya paja. Lakini aliyekuwa ubavuni mwake alishaona. Akauliza, "Hiyo harusi ya wapi?" Naye alikuwa mtu wa upande wa bwana harusi.

Kufika magharibi, habari ilishavuka maji na kufika Siyu.

Bi Zaharia, mama wa bibi harusi, aliniita chumba cha ndani. Wewe ulikuwa nje na wasichana. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia, "Shue, sikugombi. Nambie moya tu. Mato ya nani yamemuona mwanangu?"

Macho ya nani! Nikasema, "Sikujua, Bi." Na huo ulikuwa ukweli, na ndio ulionivunja. Kamera ile niliijua bei yake, nambari yake, aliyeisifu na aliyeiponda. Sikuijua inafanya nini. Kabla sijamaliza kuisoma nilishaanza kutamani nyingine.

Athmani alizifuta kwa mkono wake na akapiga simu kuomba radhi, mtu mzima yule. Bi Zaharia akamsikiliza, akasema amesamehe. Kisha akanigeukia, "Kesho mwanangu atatolewa nje aonwe na wanawake, na hapigwi. Hata picha moya." Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Binti wa watu ataolewa asibaki na picha hata ya kumwonyesha mwanawe, na mimi jina langu limekwisha, kuanzia Siyu mpaka Kiunga.

Nililala nimeugeukia ukuta. Wewe ulinifunika leso miguuni.

Asubuhi nilipoamka hukuwapo. Nikasikia sauti yako nyuma ya pazia, chumba cha Bi Zaharia, nikasimama pale pale kama mtoto anayesikiliza ya wakubwa. Umri wako miaka kumi na saba. Umeketi chini, si kwenye kiti. Kamera ya lastiki iko mapajani mwako na umeifungua tumbo.

"Bi," ulimwambia, "hii tazama mwenyewe. Haina simu, haina mtandao. Kitu chake ni hii kadi tu. Nitapiga kumi, nikupe kadi utazame. Usiyoitaka naifuta mbele yako. Kisha kumi nyingine."

Bi Zaharia akakuuliza, "Na mamako?"

Ungeweza kusema lolote. Ungeweza kusema mama amekosa, mama hajui, na ingekuwa kweli. Ulisema, "Mama ndiye aliyenifundisha kutoa kadi. Bila yeye nisingelijua hili ninalokwambia."

Twaiba, nimepata sifa maishani. Hakuna iliyonikalia kifuani kama hiyo, na sikuwa nimestahili.

Akakubali. Nami nikaenda jikoni kukata vitunguu na wenyeji, kwa sababu vitunguu vinakupa ruhusa ya kulia, na kutoka pale mlangoni nikakutazama ukifanya kazi. Nikaona kile ambacho sikukiona kwa miaka yote ile. Hukuwa na taa. Ulimwomba bibi harusi akae pembeni mwa kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba usio na paa, ukamsogeza hatua moja, ukatazama, ukamrudisha nusu hatua. Mwanga ukamwangukia shavuni, ukaishia kwenye hina za mikono. Ulikuwa unatembea. Ukitaka uso, unakwenda kwenye uso. Ukitaka watu wote, unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta. Ulijua majina yao, ulishayauliza usiku wa jana mimi nilipokuwa nikihangaika na stendi. "Bi Mkubwa, inama kidogo. Somo, mshike bega." Na walikuwa wakicheka na wewe, si kwa ajili ya picha. Baada ya kila kumi ulikwenda kupiga goti mbele ya Bi Zaharia na kadi kiganjani. Ukamaliza, akaifunga kwenye pindo la leso, akakivuta kichwa chako kifuani mwake.

Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono mlangoni. Akasema, "Shue, una mwana." Basi. Sikuhitaji jingine.

Tangu siku hiyo watu wakiwa na harusi hawaniiti mimi. Wanasema, "Aye yule binti na kamera ya lastiki." Na mimi nakufuata nyuma nimebeba kikapu chako, na sijapata kubeba kitu kwa fahari namna ile.

Ungedhani nilipona. Nami nilidhani. Vyombo vyote niliviuza isipokuwa Jeuri, nikaapa, na miezi mitatu haikupita ukanikuta nimejifunika shuka natazama lenzi kwenye simu. Uliketi kitandani. Hukunicheka wala hukuninyang'anya. Ukaniuliza, "Mama, unatafuta nini humo?" Nikajibu bila kufikiri, "Natafuta nisizeeke." Kisha ukaniambia nifungue picha zetu za mwisho, zile za mitaani na za vitambulisho, zote, nikutafutie moja iliyoharibika kwa sababu ya kamera. Nilitafuta mpaka adhana. Nilipata iliyoharibika kwa haraka yangu. Nikapata ya bibi mmoja amenikunjia uso, na nikakumbuka sikumsalimu. Nikapata za kusimama mbali kwa uvivu, chungu nzima. Ile uliyonituma sikuipata. Na mpaka leo tamaa ikinijia, huo ndio mchezo ninaoucheza, wako, si wangu. Mara nyingine hunishinda. Hili boksi ni ushahidi.

Kwa nini basi nimeliagiza? Nitakwambia ukweli. Niliiona Nairobi kichwani mwangu, huko chuo chako kiliko. Niliona barabara za maduka ya kamera, kioo kimoja baada ya kingine. Niliona wenzako darasani wakifungua mikoba yao, na wewe unatoa kitu kimefungwa lastiki, na mmoja anacheka. Ile baridi ya siku ya wale wanawake wawili ikanirudia, safari hii kwa ajili yako, na nikafanya nilichozoea kufanya. Nilikununulia dawa ya ugonjwa wangu, wewe usiyeumwa.

Na Ijumaa nikakusikia nyuma ya ukuta ukimwambia shangazi yako, "Nitakwenda na simu yangu tu. Kamera namwachia mama, ndiyo watu wanayoiamini, kazi isimkatikie." Ulidhani nimelala. Ewe mtoto! Unakwenda kusomea picha huna kamera, ili mimi nisilale njaa, na unalisema kama mtu anayesema ataacha sufuria. Sijui nilikuzaa vipi. Nakupenda mpaka naumwa.

Siku moja ile kamera itakufa. Lastiki haitasaidia, na hapo nenda dukani ukanunue, kichwa juu, wala usinikumbuke. Sikuandikii ili unikumbuke kwenye madirisha ya maduka. Nimeandika ili ujue ni nani aliyemfundisha nani.

Kisu nimekirudisha jikoni sasa hivi. Gundi ni nzima.

Barua hii nitakupa kesho, nikwambie uifungue basi likishaondoka Mokowe. Ukiwa unaisoma, lile boksi utakalokuwa umelikuta miguuni mwa nahodha asubuhi, ukiniuliza la nani nitasema la watu, ndilo hilo. Linarudi kwa mwenye duka. Na ukitia mkono mkobani mwako, chini ya leso zako, upande wa kushoto, utaikuta kamera yako. Usipige simu kugombana, sipokei. Jeuri ninalo, nimezima kila kinachorusha kitu, nimekisoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na mwezi ujao nakwenda nalo kwa Bi Zaharia kwanza. Nitaketi chini kama ulivyoketi wewe. Akinikatalia nitakwenda tena. Uaminifu ule niliupoteza mimi, na siwezi kuishi kwa kuuazima wako.

Jambo moja bado. Unajua sipigwi picha. Miaka yote hii, Bi Shue anapiga, hapigwi, hata wewe umeomba ukachoka. Leo, ulipokwenda kukata tikiti, nimefunga mlango, nimevua mtandio, nimefumua nywele hizi na mvi zake, nikasimama mbele ya kioo cha kabati na kamera yako. Nimepiga mara moja, sikurudia. Imetikisika kidogo. Hakuna lenzi duniani ambayo ingeifanya bora, mkono ndio uliotetemeka.

Iko kwenye kadi, peke yake. Kadi za mabinti wa watu nimezitia mikononi mwa mama zao, sijui ngapi. Hii ya mama naitia mkononi mwa mwanawe. Ifunge kwenye pindo la leso.

Mamako